Je, wajua kwa nini mgeni wa misheni wa siku 10 humeza dawa ya malaria siku 40?

Chupa niliikuta dirishani, nyuma ya pazia, asubuhi ya pili baada ya wageni kuondoka. Vijana 14 wa kanisa moja la Marekani walikuwa wamekaa nasi hapa Tororo, Uganda, siku 10, wakipaka rangi darasa la shule ya Jumapili na kucheza mpira na watoto jioni. Chupani mlikuwa na vidonge vya doksisaiklini, dawa ya kinga ya malaria, na zaidi ya nusu vilikuwa vimebaki. Nikamwandikia mwenyewe kwenye WhatsApp: usijali kaka, kwenu hakuna malaria kama hapa, hivi vya nini tena?

Aliyenijibu ni mama yake, ambaye ni nesi. Alinijibu kwa adabu zote, lakini nesi ni nesi.

Hesabu yenyewe ni hii. Doksi, kama tunavyoiita dukani, huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, humezwa kila siku ya safari, kisha huendelea kwa wiki 4 nzima baada ya kutoka penye malaria. Yaani sehemu kubwa ya dawa ya Uganda humezwa Marekani. Mimi niliichukulia kama chandarua: mbu wakiisha, unakikunja. Na nadhani si mimi peke yangu, maana hata jina "dawa ya kinga" linatupotosha. Tukisikia kinga tunafikiria ukuta, kwamba kimelea kinagonga mwamba na kurudi kilikotoka. Sivyo. Doksi haimzuii mbu kuuma, na kimelea hakizuiwi kuingia mwilini. Kinaingia kama kawaida, hata kwa mtu ambaye hajakosa kidonge hata siku moja. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kimelea kinakwenda wapi kikishaingia.

Kinakwenda kwenye ini. Mbu jike wa Anopheles akishauma, vimelea vichache husafiri kwa damu na kujificha ndani ya chembe za ini. Vile vya aina ya *Plasmodium falciparum*, ndivyo vingi hapa Uganda, hukaa humo kama wiki moja, wakati mwingine zaidi. Wakati huo mtu hana homa wala kichwa hakimuumi, na ukimpima damu utaambiwa hana kitu.

Chukua mfano wa kuku anayeatamia. Ini ni kiota, kimelea ni yai. Doksi ni mwewe: anazunguka juu ya uwanja akinyakua vifaranga, lakini mayai yaliyo chini ya kuku hana habari nayo. Sasa tuseme mgeni ameumwa usiku wake wa mwisho, amekaa nje ya chandarua akiaga watu. Yai limetagwa usiku huo. Yeye kesho yuko Entebbe, keshokutwa yuko kwao, na yai liko naye ndani ya ndege. Litaanguliwa kwa saa yake, na mwewe asipokuwepo siku hiyo, vifaranga vinatawanyika. Mfano wangu unapungua mahali pamoja: yai la kuku hutoa kifaranga kimoja, ilhali chembe moja ya ini iliyovamiwa hupasuka na kumwaga makumi ya maelfu ya vimelea kwenye damu.

Wiki 4 zinaonekana nyingi kwa yai la wiki moja, lakini yapo yanayochelewa kuanguliwa, na mwewe huyu hufanya kazi taratibu. Kusema kweli doksi ina makali kidogo hata kwenye ini, ila hayategemeki.

Ipo dawa nyingine ambayo ni kenge, maana kenge hula mayai. Ni mchanganyiko wa atovakuoni na proguanili, maarufu kwa jina la Malarone. Huo huua vimelea vya falciparum ndani ya ini, ndiyo maana mgeni akirudi kwao humeza siku 7 tu. Kwa kawaida bei yake iko juu kuliko ya doksi, kwa hiyo vikundi vya vijana, ambavyo nauli tu huchangishwa kwa kuuza keki, mara nyingi huchagua mwewe. Gharama nyingine ya mwewe ni jua: doksi hufanya ngozi iungue upesi, na wachora ukuta wetu siku ya tatu walikuwa wekundu kama nyanya za sokoni.

Na sisi wenyeji? Kuumwa mara kwa mara tangu utotoni hutupa kinga, lakini ni nusu kinga, na humomonyoka mtu akihama. Uingereza wengi wanaopatikana na malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliokuja Afrika kuwatembelea ndugu zao wakiamini damu yao bado inakumbuka.

Kuna yai moja ambalo mwewe na kenge wote hawaliwezi. *Plasmodium ovale*, kimelea cha malaria cha aina nyingine kilichopo Uganda ingawa si kwa wingi, huacha mengine yamelala kwenye ini kwa miezi. Mama yule alishamnunulia kijana chupa nyingine siku aliyotua. Juu ya hayo amemwagiza kwamba akishikwa na homa yoyote ndani ya mwaka mmoja tangu arudi, neno la kwanza atakalomwambia daktari liwe "Uganda".