Vijana wa mitaani hawahitaji jengo lako kwanza

Nimeletewa tena kadi ya harambee. Safari hii ni kanisa linalotaka kununua shamba la kujenga kituo cha vijana wa mitaani. Nilimuuliza mwenyekiti wa kamati ni kijana yupi wa mtaani anayemjua kwa jina. Akajibu, "Hao tutawapata kituo kikiisha." Karibu kila kanisa linalotaka kujiunga na mtandao wetu wa makanisa yanayowatembelea vijana wa mitaani hapa Kenya huja na wazo hilo.

Dhana: Bila kituo hakuna huduma.

Ukweli: tangu Novemba 2017 serikali ilisitisha usajili wa vituo vipya vya kulelea watoto, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke vituoni warudi kwa familia na jamii. Mabati mnayochangia huenda yasipate cheti kamwe. Na yule wa miaka 19? Kisheria mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo kituo cha watoto hakimhusu, ilhali ndiye anayeongoza bezi nzima, yaani kundi na maskani yao mtaani.

Hata sheria ingeruhusu, kijana aliyezoea bezi ana marafiki, ana kazi ya kuokota vyuma na plastiki au kubeba mizigo sokoni, na hana wa kumpangia saa ya kulala. Mfungieni ndani ya ua wenye kengele, ataruka ukuta. Halafu mseme amelaaniwa! Mlimhamisha kabla hamjafahamiana, basi.

Kazi yenyewe ni watu wawili, mwanamume na mwanamke, siku ile ile, saa ile ile, mahali pale pale, kila wiki. Mwende mikono mitupu. Najua akina mama wanaopenda kupika hawafurahii nikisema hivi, lakini ukianza na mkate utajulikana kama mtu wa mkate, na siku ukiukosa hamna la kuongea. Jueni nani anaumwa, nani kashikwa na kanjo (askari wa kaunti), nani kakosana na nani. Kamera ibaki nyumbani. Padri Arnold Grol, Mholanzi aliyeanzisha shirika la Undugu Society jijini Nairobi mwaka 1973, alianza na vijana waliokuwa wakiwaelekeza madereva pa kuegesha magari ili wapate senti. Aliwafuata walipokuwa.

Dhana: Mtandao wa kitaifa ni ofisi Nairobi na matawi yenye bango moja.

Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini. Waliokuwa Nairobi ni 15,337, yaani thuluthi mbili wako kwingine: Mombasa, Kisumu, Eldoret, Nakuru. Tena hawakai pamoja. Wanapanda malori kwenye barabara ya Mombasa hadi Malaba, na uliyemkosa Nakuru wiki hii huenda yuko Eldoret. Ukiwa na simu ya anayetembea usiku kule, kijana haanzi upya na mgeni. Hiyo simu ndiyo mtandao. Unakua pale kikundi kipya kinapotembea miezi kadhaa na kikundi kikongwe ndipo kishike mtaa wake. Mwanglikana abaki Mwanglikana, Mpentekoste vilevile. Tunalobana ni usalama: hakuna kwenda peke yako, hakuna kumpeleka mtoto kulala kwako, na akidhulumiwa afisa wa watoto aambiwe.

Mengine nayapitia haraka. Kwamba wote ni mayatima: la, wengi watakutajia kijiji na mzazi aliye hai, pamoja na kipigo au njaa iliyowatoa huko. Kwamba ukimpa sarafu atanunua gundi ya kunusa, kwa hiyo umpite tu: usimpe, lakini salamu si sarafu. Kwamba lazima aokoke kwanza: ukimsalisha ndipo apate chai, unamfunza kuigiza, na wapo waliookoka katika kila kanisa linalopika. Akikuuliza mwenyewe kwa nini unakuja hata mvua ikinyesha, mwambie habari za Yesu bila kona kona.

Na nyinyi mnaojaa mtaani tarehe 25 Desemba na sufuria za pilau na wapiga picha, hamisheni bajeti hiyo hadi Januari, mkiwa mmebaki wawili. Itatosha dawa za vidonda, na nauli ya kwenda kumwona nyanya ya kijana kabla hajarudishwa kwake.