Mwenye ufunguo na mwenye kalamu: jinsi jeshi la Uswidi lilivyojifunza kulisha watu wake

Kuna jengo la kale katika mtaa wa Sibyllegatan, Stockholm, ambalo leo ni makumbusho ya sanaa za jukwaani. Watu huingia kutazama vikaragosi na ala za muziki. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mikate. Jengo hilo linaitwa Kronobageriet, yaani tanuri la mikate la Taji. Lilijengwa katika miaka ya 1640, na mikate ya wanajeshi iliokwa humo hadi mwaka 1958. Zaidi ya miaka mia tatu, kazi ile ile, mahali pale pale. Makumbusho ya jeshi yako jirani kabisa, na mwenyeji wangu alinishangaa: wageni wote hukimbilia bunduki na bendera, huyu mwenzetu anauliza jiko.

Mtu wa bohari ndivyo alivyo. Maisha yangu ya kazi yamepita kati ya rafu, leja na vocha, na siku hizi nafundisha vijana ugavi. Nikisoma habari za vita, jambo la kwanza ninalotafuta ni nani alileta unga. Uswidi imenivuta kwa sababu nchi hiyo ilijaribu majibu matatu tofauti kwa swali hilo moja, na la tatu likawa kundi zima la maafisa walioitwa Intendenturkåren, kikosi cha ugavi na utawala wa jeshi.

Jibu la kwanza lilikuwa rahisi na la kikatili: alishe mwenye nchi tuliyoiingia. Mfalme Gustav II Adolf alipovuka bahari kuingia Ujerumani mwaka 1630, alishuka na watu wapatao 13,000. Uswidi ilikuwa maskini, haikuweza kuwalisha huko kwa miaka. Wakulima wa Kijerumani wakatozwa nafaka, miji ikatozwa fedha ili isichomwe moto. Jeshi likikaa mahali hadi maghala yakaisha, lilihama. Mara nyingi lilihamia kwenye chakula, si kwenye adui. Mwaka huo huo wa 1630 ndipo ilipoundwa Krigskollegium, ofisi kuu ya mambo ya kijeshi, kwa hiyo msidhani hawakuwa na makarani. Walikuwa nao. Karani aliandika, na askari akapora.

Jibu la pili ndilo ninalolipenda kulieleza darasani, maana wanafunzi huwa hawaamini. Mwaka 1682 Mfalme Karl XI alianza kufunga mikataba na majimbo. Kila jimbo lingetoa na kudumisha rejimenti ya watu 1,200, wakati wa amani na wakati wa vita. Mashamba machache, aghalabu mawili hadi manne, yaliunganishwa kuwa kundi lililoitwa rote, na kila rote lilimtunza askari mmoja. Halikumpa mshahara na kumwacha aende zake. Lilimpa nyumba ndogo na kipande cha ardhi, alime na kufuga. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waswidi walimpa askari jembe siku ya kwanza. Maafisa nao walipewa mashamba ya Taji, na mapato ya shamba ndiyo yaliyokuwa mshahara. Mwenye shamba kubwa zaidi aliweza kumtoa mpanda farasi pamoja na farasi wake, naye akasamehewa kodi.

Tazama ujanja wa mpango huu kwa macho ya mtu wa stoo. Serikali haikuwa na ghala kubwa la chakula kwa sababu haikulihitaji: ghala lilikuwa shamba la askari mwenyewe. Haikuhitaji kambi. Sare ilikaa ndani ya sanduku la rote, wakulima wakiilinda, na askari hakuruhusiwa kuivaa kwenda kuchimba viazi. Hata majina yaligawiwa kama vifaa. Kijijini kulikuwa na kina Andersson wengi mno, basi askari akapachikwa jina fupi ambalo kamanda angeweza kuliita upesi: Rask, yaani mwepesi, Modig, jasiri, Svärd, upanga, Dolk, jambia. Waswidi wengi wenye majina hayo leo wameyarithi kutoka kwa babu aliyepewa jina pamoja na buti.

Na kila kitu kiliandikwa. Kila baada ya miaka michache rejimenti ilikusanywa kwa ukaguzi mkuu, na karani akapita mtu kwa mtu: namba ya rote, umri, urefu, miaka ya utumishi, anafaa au aachishwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Waswidi walihakikisha hata binadamu yumo daftarini. Vitabu hivyo vimehifadhiwa katika nyaraka za vita za taifa, Krigsarkivet, na watu wanaotafuta asili ya koo zao huvisoma hadi leo.

Tatizo ni kwamba mpango huo ulikuwa mzuri kwa amani. Askari akitoka kijijini, shamba halimfuati. Karl XII aliligundua hilo Urusi. Mwaka 1708 jenerali Lewenhaupt aliondoka upande wa Riga na askari kama 12,500 na msafara wa maelfu ya magari ya farasi, chakula na baruti za kulitosha jeshi la mfalme. Mfalme hakumsubiri, akageukia kusini, Ukraine. Warusi wakamkamata Lewenhaupt njiani, kwenye kijiji cha Lesnaya. Alipomfikia mfalme alikuwa na watu wapatao 6,000 na magari hakuna. Mengi aliyachoma mwenyewe yasiangukie mikononi mwa adui. Kisha ukaja ule msimu wa baridi uliovunja rekodi Ulaya nzima. Vitabu vya historia huweka anguko la jeshi hilo kwenye mapigano ya Poltava, Ukraine, kiangazi cha 1709. Mimi nahesabu kuanzia Lesnaya. Miaka kumi baadaye, mwanzoni mwa 1719, jeshi lingine chini ya jenerali Armfeldt lilikuwa likirudi kutoka Norwei kupitia milimani, nguo zimechakaa, likapigwa na dhoruba ya theluji. Watu zaidi ya 3,000 walikufa, na hakuna adui aliyewafyatulia.

Kashfa iliyofuata ilikuwa nyumbani kabisa. Mwaka 1808, vita na Urusi vilipozuka tena, serikali iliita kwa haraka vijana wapatao 30,000 wawe jeshi la akiba. Hawakuwa wa rote lolote, kwa hiyo hawakuwa na sanduku la sare wala shamba nyuma yao. Nguo hazikutosha, viatu havikutosha, malazi yalikuwa machafu. Maelfu walikufa kwa maradhi, wengi bila hata kumwona Mrusi. Uswidi ikapoteza Ufini yote mwaka uliofuata. Nikiulizwa ni lini wazo la kikosi maalumu cha ugavi lilipaswa kuzaliwa, nasema ni hapo. Lakini lilikawia miaka sabini.

Kwa nini likawia? Kwa sababu baada ya 1814 Uswidi haikupigana vita tena. Badala yake ilijenga. Kule Karlsborg, kando ya ziwa Vättern, ngome kubwa ilianzishwa mwaka 1819 ili vita vikija, mfalme, serikali, dhahabu na akiba yote vikimbilie katikati ya nchi. Ilikamilika mwaka 1909, mizinga ya wakati huo ikiwa tayari na uwezo wa kuigeuza kifusi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ndipo Intendenturkåren ilipoundwa. Neno lenyewe lina asili ya Kifaransa, na wazo pia. Hapa naomba nitoke kidogo nje ya Uswidi, maana bila kisa hiki hamtaelewa kwa nini jambo kavu kama hili lilizua mabishano.

Nilipokuwa kijana wa stoo, mahali ambapo sitapataja, tulihesabu mablanketi mwisho wa mwaka yakapungua arobaini. Karatasi zote zilikuwa safi. Aliyeagiza alikuwa mkubwa wetu, aliyepokea ni yeye, aliyethibitisha kuwa yametumika ni yeye. Sahihi tatu, mkono mmoja. Nikajua siku ile kwamba mwenye ufunguo hapaswi kuwa mwenye kalamu.

Wafaransa walikuwa wameufikisha msimamo huo mbali. Maafisa wao wa ugavi walisimama pembeni ya makamanda na kuwajibika kwa waziri wa vita, ili kamanda asiwe mlaji na mkaguzi kwa pamoja. Mwaka 1870, vita na Prussia vilipoanza, mfumo huo ulilaumiwa vikali: jenerali anataka mkate leo, afisa ugavi anataka hati. Mwaka 1882 Ufaransa iliwaweka maafisa hao chini ya makamanda. Waswidi wakawa wanajenga kikosi chao katika miaka ile ile. Wao walimweka mkuu wake, aliyeitwa generalintendent, ndani ya ofisi kuu ya utawala wa jeshi iliyokuwako tangu 1865, na maafisa wenyewe wakapewa hadhi ya nusu raia nusu askari, kama madaktari na matabibu wa wanyama. Walivaa sare. Kuongoza watu vitani haikuwa kazi yao. Huko rejimentini alikuwako regementsintendent, yaani afisa ugavi wa rejimenti. Naweza kuwaona mesini, wapiganaji wakiwatazama kwa jicho la pembeni. Watu wa bohari wanalijua jicho hilo duniani kote.

Kuna maneno matatu ya Kiswidi ambayo mtu akiyachanganya hatoelewa lolote. Tyg ni silaha, risasi na vyombo vya vita. Intendentur ni chakula, mavazi, malisho ya farasi, kuni na mafuta, samani, na hesabu za fedha. Träng ni uchukuzi: magari, farasi na watu wa kuvifikisha vitu mbele. Kichekesho ni kwamba neno tyg kwa Kiswidi cha kila siku maana yake ni kitambaa, na kitambaa cha sare hakikuwa kazi ya watu wa tyg hata kidogo.

Mwaka 1901 mpango wa rote ulifutwa rasmi, kila kijana akaitwa kwa sheria. Hapo kikosi kikapata uzito wake. Kijana wa kuitwa haji na shamba. Lazima alishwe, avishwe, apewe kitanda. Kambi mpya zikajengwa nchi nzima, na mapishi ya jeshi yakaanza kuingia katika desturi za taifa. Supu ya njegere siku ya Alhamisi, ikifuatwa na chapati laini za maji na jamu, ni mlo wa zamani wa Waswidi, na jeshi lilihakikisha hakuna mwanamume aliyeukwepa.

Mtihani wa kwanza haukuja kutoka kwa adui. Mwaka 1917, Uswidi ikiwa haimo vitani, chakula kilipungua hadi watu wakaandamana mji baada ya mji, na askari walioitwa kwa sheria wakajiunga nao. Serikali inayomhofia mwanajeshi mwenye njaa inaanza kumheshimu anayegawa rasheni.

Wa pili ulikuwa Aprili 1940, Ujerumani ilipozivamia Denmaki na Norwei. Katika wiki chache Uswidi ilikuwa na watu zaidi ya 300,000 chini ya silaha, wengi wakiwa misituni mpakani, baridi haijaisha. Mafuta yalikuwa haba, magari yakatembea kwa gesi ya kuni na makaa. Sehemu kubwa ya upishi ilifanywa na wanawake wa Lottakåren, chama cha kujitolea kilichoanzishwa 1924, ambacho wakati wa vita kilikuwa na wanachama zaidi ya 100,000. Bila wao maafisa wa ugavi wangekuwa na leja nzuri na masufuria matupu.

Wa tatu uliwaleta kwenye nchi ya Kiswahili. Julai 1960 askari wa Uswidi waliokuwa Gaza chini ya Umoja wa Mataifa walipelekwa Congo, na hadi 1964 Waswidi zaidi ya 6,000 walipita huko, wengi Katanga. Ndege zao za kivita aina ya J 29 ziliruka kutoka Luluabourg kisha Kamina, na kipuri kilichokosekana kilikuwa mbali, Ulaya ya kaskazini. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kiluba walikimbilia karibu na kambi ya Waswidi mwaka 1961 kutafuta ulinzi. Kitabu cha ugavi kilichoandikwa kwa ajili ya msitu wa theluji hakikuwa na ukurasa kwa hali hiyo.

Kufikia hapo Intendenturkåren ya jeshi la nchi kavu ilikuwa inaelekea ukingoni. Katika miaka ya 1960 iliunganishwa na wenzao wa majini na wa anga, na mwaka 1968 manunuzi ya vifaa yakawekwa chini ya mamlaka moja ya ulinzi, FMV, ambayo ipo mpaka leo. Watu wa träng wangali na rejimenti yao, T 2, mjini Skövde.

Lakini kazi ya mikono yao ilionekana zaidi wakati wa vita baridi. Maelfu ya mabohari yalitawanywa mashambani na misituni, kila kikosi cha akiba na bohari lake, ili fundi seremala akiitwa usiku akute buti, koti na jiko la kambi vikimngoja karibu na kwao. Ukitazama vizuri ni lile sanduku la rote la mwaka 1682, limerudi likiwa kubwa zaidi. Baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, mabohari hayo yalifungwa moja baada ya jingine. Baadhi ya vifaa vilipewa Estonia, Latvia na Lithuania kuanzishia majeshi yao. Vingine viliuzwa kwa yeyote mwenye fedha.

Hivyo ndivyo nilivyopata sufuria yangu. Ni ya alumini, seti kamili na jiko lake la spiriti, imepigwa mhuri wa mataji matatu, alama ya mali ya jeshi la Uswidi. Mke wangu alipouona mhuri aliniuliza, kwa sauti ile ya mtu aliyeishi na mwanabohari miaka mingi, kama kweli ni yangu. Nikaenda kabatini nikamletea risiti.