Sarafu ya kale ni shahidi wa namna gani?

Chukua sarafu ya shaba ya Kilwa uiweke kiganjani. Ni ndogo, haifiki upana wa shilingi mia ya Tanzania, na mara nyingi imeliwa na kutu ya kijani. Upande mmoja pana jina la sultani kwa maandishi ya Kiarabu. Upande wa pili pana maneno ya kumtumainia Mungu. Ukizisoma pande zote mbili zinapatana vina kama vipande viwili vya mshororo: Ali bin al-Hasan huku, yathiqu bi-mawla al-minan kule, yaani "anamtumainia Bwana wa neema". Picha ya mtu hakuna. Mwaka hakuna, wala jina la mji ilikogongwa.

Sasa mwanahistoria aanzie wapi? Tukisema sarafu ni ushahidi wa kihistoria, tunamaanisha kwamba inasomwa mara mbili. Kwanza yanasomwa yale ambayo aliyeigonga alitaka watu wayaone: jina lake, cheo chake, dini yake. Halafu yanasomwa yale ambayo sarafu inayasema bila kutumwa: ni ya madini gani, imechakaa kiasi gani, imeokotwa wapi, na ardhini ililala pamoja na nini. Kwangu mimi huu usomaji wa pili ndio wenye uzito zaidi. Mtawala anaweza kujisifu atakavyo kwenye maandishi, lakini hapangi sarafu yake itadondoka wapi.

Huyo Ali bin al-Hasan ni mfano mzuri. Habari za Kilwa zilizoandikwa, moja kwa Kiarabu na nyingine kwa Kireno katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, zinasimulia kisa kinachojulikana pwani nzima: Washirazi waliokuja na majahazi, na mmoja wao, Ali, akawa mtawala wa kwanza wa Kilwa. Miaka inayotajwa humo haipatani. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alipima matabaka ya udongo na vigae akaona ukoo huo ulianza kutawala mwishoni mwa karne ya 12. Sarafu za Ali zikapangwa hapo hapo.

Mwaka 1984 Mark Horton na wenzake wakachimba Mtambwe Mkuu, Pemba, wakakuta hazina iliyofukiwa: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo sana, na chache za dhahabu. Zile za fedha zilikuwa na majina ya watawala wa huku kwetu, akiwemo Ali bin al-Hasan, na kama kawaida hazina mwaka. Za dhahabu zilikuwa dinari za ng'ambo, na dinari huandikwa mwaka. Iliyo changa kuliko zote ni ya 1066.

Hesabu yake haina ugumu. Hazina haiwezi kufukiwa kabla ya sarafu yake changa kugongwa, kwa hiyo ilifukiwa 1066 au baadaye. Na kwa kuwa hakuna dinari ya miaka ya mbele zaidi, pengine haikupita muda mrefu. Basi jina la Ali lilikuwa likigongwa kwenye fedha tayari katika karne ya 11, miaka 100 na zaidi kabla ya pale alipowekwa. Ushahidi huo umetokana na jirani: dinari ya kigeni ndiyo iliyoitolea sarafu ya kwetu cheti cha kuzaliwa. Angalia pia ambacho haikusema. Haikusema Ali alitoka Shiraz. Wala haikuthibitisha kwamba ndiye yule wa kwenye masimulizi, maana akina Ali bin Hasan ni wengi.

Hesabu hiyo hiyo ukiigeuza inakuwa mtego. Sarafu inaweka mpaka wa "si kabla ya", haiweki wa "si baada ya", kwani pesa huishi kuliko mwenye jina lake. Sarafu za shaba za Ali zinapatikana katika matabaka ya karne nyingi baada yake. Kituko kikubwa zaidi ni ile riale ya Maria Theresa iliyotumika Unguja karne ya 19: imeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo wa Austria, na iliendelea kugongwa na mwaka huo huo hadi karne ya 20. Anayekuta moja ndani ya ukuta akatangaza kwamba nyumba ni ya 1780 amejidanganya.

Kuna na suala la umbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyempokea msafiri Ibn Battuta Kilwa mwaka 1331, iliokotwa Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale huko bara. Ni moja tu, lakini inaungana na mengine: dhahabu ya bara iliyopitia bandari ya Sofala, na vyombo vya ng'ambo vilivyokutwa huko huko. Linganisha na zile tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilikuwa mchangani ufukweni, pamoja na sarafu nne za Kiholanzi zilizogongwa karne nyingi baada yake. Kwamba sarafu zilifika, sawa. Nani alizibeba na lini, hapo zimenyamaza.

Madini nayo yanasema. Shaba ni pesa ya sokoni, ya kununulia samaki na mtama. Waarabu waliiita fals, kwa wingi fulus. Ndiyo fulusi yetu, na ndiko lilikotoka neno kufilisika, kubaki na vishaba vitupu. Na shaba za Kilwa hupatikana zaidi Kilwa kwenyewe, visiwa vya jirani na Mafia. Ukienda Lamu, ni kama hazipo. Hapo kukosekana kwenyewe ni ushahidi: pesa hiyo iliaminika nyumbani.

Lakini si kila sarafu iliyoanguka ilipotea. Songo Mnara, ng'ambo kidogo tu ya Kilwa, watafiti walikuta sarafu za shaba kwenye makaburi, pamoja na kokoto nyeupe. Walioziweka pale walikuwa wakiwakumbuka wafu wao. Kwa hiyo anayehesabu sarafu za Songo Mnara ili apime ukubwa wa soko lake, itambidi kwanza aziweke kando zile za makaburini.