Msimu wa Mbio za Barabarani Huharibikia Machi

Kila mwaka ikifika Juni, simu zinaanza. "Shikamoo kocha, miguu imekataa." Anayepiga si mvivu wala hana ugonjwa wa kulazwa. Ni mkimbiaji aliyekuwa moto pale Moshi mwishoni mwa Februari, akaitwa jukwaani, akapigwa picha, na leo kilomita 10 zinamtesa kama anayeanza upya. Namuuliza swali moja: Machi ulikuwa wapi? Jibu nalijua kabla hajalitoa. Jumapili hii alikimbia hapa, Jumapili iliyofuata kule, kila palipotangazwa zawadi.

Nafundisha wakimbiaji wa barabarani hapa Arusha, na kama ningepewa nafasi ya kusema jambo moja tu kwa vijana wetu, ningesema hili: msimu huanza kuporomoka wakati bado unashinda.

Chukua nusu marathon ya Kilimanjaro, zile kilomita 21 za Moshi za Februari. Njia inapanda kuelekea Mweka, kisha inageuka kurudi mjini. Kila mtu anaogopa ule mlima. Mimi naogopa mteremko. Ukipanda, misuli ya paja inajikunja na kukusukuma juu. Moyo unadunda, pumzi inabana, lakini nyuzi za msuli haziumii sana. Ukishuka, msuli uleule unageuka breki. Kwa kila hatua unanyooshwa kwa nguvu huku umekaza, ili goti lisikuache chini. Hapo ndipo nyuzi zinachanika, ndogondogo, kwa maelfu ya hatua. Siku hiyo husikii kitu. Kesho yake na keshokutwa ndipo unamwona bingwa anashuka ngazi kinyumenyume ameshikilia ukuta.

Kinachofuata ndicho kinachowaponza wengi. Maumivu yale huisha baada ya siku nne au tano. Wanga uliotumika, ile akiba inayokaa kwenye misuli na ini, hurudi ndani ya siku moja au mbili ukila vizuri: ugali, wali, ndizi, viazi. Kwa hiyo wiki moja baada ya mbio tangi limejaa, maumivu hayapo, na mwili unakwambia uko tayari. Lakini matengenezo ndani ya msuli bado yanaendelea, na baada ya marathon kamili huchukua wiki mbili, tatu, hata zaidi. Kano ya kisigino ndiyo ya mwisho kupona, maana hupata damu kidogo kuliko msuli. Mkimbiaji anajipima kwa anavyojisikia, na kwa siku zile kujisikia ni kipimo kibovu.

Lipo na la pili, na watu hulihesabu mara chache. Kila mbio hudai siku kabla na siku baada. Kabla yake unapunguza mazoezi ili miguu iwe myepesi. Baada yake unakimbia taratibu ili upone. Ukishindana mara tatu ndani ya wiki tano, piga hesabu siku za mazoezi halisi zilizobaki. Hazifiki kumi. Hakuna mbio ndefu za asubuhi, hakuna vilima, hakuna kilomita za kasi. Unakula akiba uliyoiweka Novemba na Desemba, na akiba hiyo huisha kimyakimya. Ndiyo maana simu huja Juni.

Nina binti mmoja kikosini ambaye msimu wake ulinifundisha zaidi ya semina zote nilizohudhuria. Februari alikimbia nusu marathon bora ya maisha yake. Nikamwambia apumzike wiki mbili. Akaangalia chini, akasema, "Kocha, mdogo wangu anasubiri ada." Ningemjibu nini? Akaenda kilomita 10, akashinda. Akaenda nyingine, akawa wa pili, na pesa ya hiyo ya pili ikaja baada ya miezi minne ya kupiga simu na kuambiwa subiri. Aprili kigimbi kikaanza kuvuta. Mei akawa anaachwa na kundi kwenye mwendo ambao Januari alikuwa anaongea huku anakimbia. Akaongeza mazoezi, kama wanavyofanya karibu wote.

Nikampeleka akapime damu. Madini ya chuma yalikuwa chini sana. Kwa mkimbiaji wa kike hilo halishangazi: kuna damu ya mwezi, kuna jasho, na hata kule kupigapiga nyayo kwenye lami huvunja chembe nyekundu za damu. Juu yake kuna chai. Sisi tunakula maharage na mchicha, chakula chenye madini hayo, halafu tunasindikizia chai ya rangi palepale, na chai huzuia chuma kisifyonzwe. Nilimwomba asogeze chai mbele saa moja au zaidi baada ya kula, na aweke ndimu au chungwa kwenye mlo. Vidonge alipewa na daktari. Hivyo si vya kununua kwa kubahatisha, maana chuma kikizidi nacho ni sumu. Wiki tano hakushindana kabisa. Alilia, nami nilikuwa na uchungu wangu, kwa sababu Machi nilikuwa nayaona yote haya yakija nikashindwa kusimama imara.

Sasa mtazameni Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathon. Tarehe 10 Agosti 2024, Olimpiki ya Paris, alimaliza wa 17. Mitaani wapo waliosema amekwisha. Tarehe 21 Aprili 2025 akawa wa pili kwenye marathon ya Boston, Marekani, kwa muda wa saa 2, dakika 5 na sekunde 4, sekunde 19 nyuma ya John Korir wa Kenya. Boston nayo ina miteremko mirefu mwanzoni, na inapofika vilima vya Newton mapaja yameshapigwa. Kisha Tokyo, tarehe 15 Septemba, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48. Picha ya mstari ndiyo iliyoamua: sehemu tatu za mia za sekunde. Katika mashindano hayohayo, London mwaka 2017, alikimbia 2:09:51 akapata shaba, sekunde mbili nyuma ya fedha. Miaka minane baadaye, kwa muda unaolingana karibu kabisa na ule, akawa bingwa wa dunia.

Mimi nilifurahi kama kila Mtanzania, halafu nikachukua kalenda. Kutoka Boston hadi Tokyo ni wiki 21 kamili. Ndani ya wiki 21 unapata tatu au nne za kupona, kumi na tano za kujenga, na mbili za kupunguza. Eliud Kipchoge wa Kenya mwaka 2023 alikuwa wa sita Boston mwezi Aprili. Septemba akashinda Berlin kwa 2:02:42, mara yake ya tano pale. Matokeo mabaya ya Aprili hayakumzuia, kwa kuwa kati ya mbio hizo mbili alikuwa na zaidi ya miezi mitano.

Najua Simbu ana ajira jeshini na Kipchoge ana wadhamini. Binti yangu ana chumba cha kupanga na ada ya mdogo wake. Kwa hiyo siwaambii vijana wakimbie mara mbili kwa mwaka. Huo ni ushauri wa mtu asiyejua bei ya unga. Tunachofanya sasa ni kukaa Desemba na daftari. Tunachagua mbio mbili kubwa. Katikati tunaweka chache za kilomita 10 zenye waandaaji wanaojulikana kulipa, na baada ya kila moja ya zile kubwa tunapiga mstari juu ya wiki tatu, hata kama itatangazwa zawadi ya pikipiki.

Oktoba binti yule alirudi barabarani. Alikuwa wa nne, sekunde chache nje ya jukwaa, na kilomita ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya kasi kuliko zote. Mwaka huu Moshi ataenda tena. Machi yake imeshapigwa mstari, kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe.