Je, wajua kwa nini wapanda milima ya theluji huliogopa jua la mchana?

Jirani yangu hapa Tandika anauza barafu za ubuyu na ukwaju. Jumamosi moja alizima friza lake la kulala ili barafu iyeyuke, maana ilikuwa imeota kwenye kuta za ndani unene wa kidole gumba na mifuko ilikuwa haienei tena. Akaacha mfuniko wazi, akakaa barazani kuchambua mchicha. Nusu saa nzima kimya. Alijaribu kuibandua kwa mwiko, ikagoma. Tukaendelea na mazungumzo yetu, mara kishindo ndani: bamba zima, kubwa kama sinia la pilau, limebanduka ukutani na kuanguka kwa mkupuo mmoja.

Nikaliinua. Usoni lilikuwa gumu bado, jeupe vilevile. Upande wa nyuma tu, ule ulioshika ukuta, ndio uliokuwa unateleza kama sabuni ya mche iliyoloa.

Mwanawe, yuko kidato cha pili, alikuwa na swali tangu juzi yake alipoona kwenye televisheni watu wakipanda milima ya Alps gizani, taa vichwani. "Anko, kwa nini wanatoka saa nane usiku na baridi yote ile? Si wangesubiri jua?" Jibu lilikuwa mikononi mwangu, linachuruzika maji.

Theluji ikishaanguka mlimani, chembe zake hushikana kwa viungo vidogo vya barafu, na kila dhoruba huweka tabaka lake juu ya lile lililotangulia. Miteremko ambayo theluji yake huporomoka zaidi ni ile yenye mwinuko wa nyuzi 30 hadi 45. Ukilala zaidi ya hapo theluji hutulia, ukisimama zaidi ya hapo hudondoka kidogo kidogo kabla haijarundikana. Katikati hapo, tani nyingi mno hukaa zimening'inia, na kinachozizuia ni vile viungo tu.

Jua likipiga, mlima haubadiliki haraka machoni. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 kunataka joto karibu sawa na la kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Ndiyo maana mteremko unaweza kubaki mweupe, mnene, umejaa kama ulivyokuwa alfajiri, kumbe ndani maji yameshaanza kupenya kati ya chembe na kula viungo vyake. Hatari huanza mapema sana, theluji yote ikiwa bado ipo.

Mtoto akanibana: mbona mchanga ukiloa unashikana? Ni kweli, na theluji iko vivyo hivyo. Watoto wakijenga nyumba za mchanga pale Coco Beach huchukua mchanga wenye unyevu kidogo, na unasimama vizuri. Wimbi likifika, maji yanajaza nafasi zote na nyumba inakuwa uji. Theluji yenye unyevu kidogo hufinyangika vizuri kuwa mpira. Iliyojaa maji haina kinachoishika.

Maji hayo hushuka mpaka yakutane na kitu kisichopitisha: tabaka la zamani lililoganda likawa kama kioo, au mwamba laini, au majani marefu yaliyolala. Hapo yanatandaa. Kilichobaki ni mambo ya friza: bamba gumu juu, utelezi chini. Mvua ikinyesha juu ya theluji mambo huenda mbio zaidi, maana maji yanaingia bila kusubiri kitu kiyeyuke.

Poromoko la theluji iliyoloa haliendi kasi kama la theluji kavu, ila uzito wake ni jambo jingine kabisa. Meta moja ya ujazo ya theluji mpya iliyo kavu huweza kuwa na kilo 100 au pungufu. Iliyoloa hufika kilo 400 na zaidi. Inashuka kama zege, na ikisimama inakaza papo hapo, aliyefunikwa hawezi hata kusogeza kidole. Wengi wanaofukuliwa ndani ya dakika 10 hadi 15 za kwanza hupona. Baada ya nusu saa matumaini huwa madogo sana. Kwa hiyo anayekuokoa ni mwenzako uliyekuwa naye, mwenye koleo begani, kwa sababu helikopta haiwezi kuwahi.

Nisije nikawadanganya: baridi nayo inaua. Vifo vingi vya maporomoko husababishwa na theluji kavu, hasa dhoruba na upepo vikirundika mzigo mpya juu ya tabaka dhaifu, na mara nyingi anayelifyatua poromoko ni mhanga mwenyewe au mwenzake. Tofauti ni kwamba lile la kuyeyuka lina saa zake, na mtu makini anaweza kuzikwepa.

Usiku ukiwa hauna mawingu, theluji hupoteza joto lake kuelekea angani na uso wake huganda hata kama hewa imezidi nyuzi 0 kidogo. Mawingu yakitanda, joto hubaki kama chini ya blanketi, na asubuhi hiyo hakuna ukoko wa kukanyaga. Ukoko ukiwepo, unapanda juu yake kama sakafu. Kisha jua linapiga miteremko ya mashariki kwanza, inafuata ile inayolielekea mchana kutwa, ya magharibi jioni. Anayejua kazi huangalia miguu yake: ikianza kuzama hadi magotini, muda umekwisha. Huangalia pia chini ya miamba, kwa sababu jiwe hula joto upesi, na vimipira vya theluji vikianza kubingirika kutoka pale anashuka bila kubishana.

Barafu ya kudumu nayo haijasalimika. Tarehe 3 Julai 2022, kipande cha barafu kilimeguka kwenye mlima Marmolada, Italia, mchana wa jua, na watu 11 walikufa. Siku iliyotangulia joto karibu na kilele lilikuwa limefika nyuzi 10.

Kwetu Kilimanjaro theluji haitoshi kwa maporomoko ya namna ya Alps, lakini kanuni inatuhusu, na ingefaa iwafikie wengi zaidi wanaokwenda kupanda. Waongozaji huwaamsha wageni pale kambi ya Barafu, meta 4,673, waanze safari karibu saa sita usiku. Sababu mojawapo ni kwamba changarawe ya mteremko ule huwa imeganda, mguu unashika. Mchana imelegea, unapanda hatua moja unarudi nusu. Upande wa magharibi wa Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, hatari ni ya mawe: barafu ndiyo gundi inayoyashika, na ikilegea yanaachia. Januari 2006 mawe yalishuka kwenye njia ya Western Breach yakaua wapandaji watatu Wamarekani, na njia ikafungwa kwa muda. Wanaopita pale siku hizi huvaa kofia ngumu na hupita mapema, mlima ungali umeganda.

Mtoto hakuridhika na maneno. Alichukua kipande cha lile bamba, akakilaza kwenye sinia la bati na kuliinamisha: kikateleza palepale. Friza lilipowashwa akaliingiza sinia na kipande chake, vikalala humo. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alilitoa, akaligeuza juu chini barazani, barafu ikang'ang'ania bati kama imechomelewa. Akaliegemeza ukutani palipokuwa pakipigwa na jua, akakaa na saa ya simu. Dakika ya nne kipande kikashuka chote kwa pamoja, bado kigumu.