Dumu la alizeti halina faida ya elfu ishirini

Hesabu hii ya kuuza rejareja dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti nimeshaisikia vya kutosha: "Dumu nachukua kwa 90,000, lita nauza 5,500, mara ishirini ni 110,000. Elfu ishirini yangu." Wanaoipiga ni watu wa mishahara, wanaorudi mjini Dodoma jioni kutoka Mtumba, kwenye ofisi za serikali, wakitafuta cha kuongezea kipato. Bei hupanda na kushuka, lakini hata tukizichukua hizo hizo, elfu ishirini haipo.

Mafuta yaliyotoka mashineni yana mashapo. Yaache yatulie siku 3 hadi 7 kivulini bila kuligusa dumu, kisha vuta ya juu kwa mpira mwembamba na usimame vidole viwili kabla ya kufika chini. Ukiinamisha dumu umimine, mashapo yote yanapanda na unaanza upya. Tuseme lita moja imebaki chini. Una lita 19, yaani 104,500. Toa 90,000 ya mzigo, chupa 19 za shilingi 300 ambazo ni 5,700, na boda ya 3,000 kutoka soko la Majengo hadi nyumbani. Umebaki na 5,800.

Sasa hapa ndipo watu wanaponibishia. Chupa ya maji ya lita moja ikijaa hadi mdomoni, ndani yake mna zaidi ya lita moja. Kiwandani huacha nafasi juu. Wewe unaijaza yote ili mteja asinung'unike. Ukizidisha mililita 30 tu kila chupa, kwenye chupa 19 umegawa zaidi ya nusu lita, kama 3,100 hivi. Kwenye dumu zima unabaki na 2,700. Nunua kopo la kupimia lenye alama, pima lita moja ya maji, mimina kwenye chupa, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito. Chupa zote za aina hiyo zijae hadi hapo. Kisha zikauke kabisa kabla ya kutia mafuta, kwa sababu maji kidogo ndani ya chupa huharakisha kuchacha.

Wakati wa kununua, uliza kama bei ni ya kilo au ya lita. Lita moja ya alizeti ina uzito wa gramu 920 hivi. Kwa hiyo 4,500 kwa kilo ni sawa na 4,140 kwa lita, na anayekuuzia kwa kilo kwa bei hiyo anakufaa zaidi kuliko anayekuuzia kwa lita. Dumu nalo lipime tupu kwanza, kisha likiwa limejaa. Mafuta yenyewe yakiwa chini ya kilo 18.4, hujapewa lita 20. Anayekataa mizani yako, ondoka.

Mkopo wa ofisini ndio unaoumiza kuliko yote. Wenzako watachukua leo walipe mshahara ukitoka. Kwa ile faida ya 2,700, lita moja isipolipwa, faida ya madumu mawili imekwenda. Hata wakilipa wote, mtaji umelala mwezi mzima na umezunguka mara moja tu. Mwenye 270,000 ananunua madumu matatu na kupata kama 8,000 kwa mwezi. Akiuza taslimu na kuzungusha kila wiki, hela hiyo hiyo inafanya kazi mara nne.

Chupa za lita moja ningeziacha. Uza galoni za lita 5, mteja aje na lake: gharama ya chupa inaondoka na vipimo vinakuwa vichache vya kukosea. Utauza polepole zaidi mwanzoni, hasa kwa wapangaji wa Makulu na Chang'ombe wanaonunua kidogo kidogo, na hao huwezi kuwapuuza.

Kuna hesabu moja inayonisumbua mpaka leo: muda wa jioni zako. Ukiulipa hata elfu mbili kwa siku, biashara ya madumu matatu inakuwa hasara tupu. Usipoulipa, inaonekana inakwenda. Mimi huwaambia watu wauandike pembeni, wasiutoe kwenye faida, lakini siridhiki na jibu hilo.

Alizeti huvunwa kuanzia Mei, na miezi inayofuata ndiyo ya kununua. Anayeanza Januari, mvua zikiwa shambani na ghala zikiwa zimepungua, aanze na dumu moja.