Jimbo la Marekani si mkoa

Taarifa ya habari ya Jumatatu inasema Marekani imehalalisha bangi. Wiki inayofuata inasema mtu amefungwa Marekani kwa kukutwa na bangi. Msikilizaji anadhani mtangazaji mmoja amekosea, kumbe wamekosea wote wawili, na kosa ni lile lile: hakuna aliyetaja jimbo. Colorado iliruhusu bangi ya starehe kwa kura ya wananchi mwaka 2012. Idaho inaikataza. Na sheria ya shirikisho, yaani ya serikali ya nchi nzima, haijaihalalisha kwa starehe popote.

Jimbo la Marekani ni dola iliyoingia katika shirikisho huku ikibaki na katiba yake, bunge lake, mahakama zake, sheria zake za jinai na gavana anayechaguliwa na wakazi wake. Yako 50. Washington, D.C., mji mkuu, si jimbo. Puerto Rico na Guam, visiwa vilivyo chini ya Marekani, navyo si majimbo. Maana yenyewe ni hiyo tu. Linalotupoteza ni “jimbo”, neno tulilolitumia kutafsiri “state” ya Kiingereza.

Kwa Mtanzania wa leo, jimbo ni eneo la mbunge: Jimbo la Ubungo, Jimbo la Mtera. Akienda kanisani, jimbo ni eneo la askofu, ndiyo maana kuna Jimbo Kuu la Dar es Salaam. Wazee waliosoma enzi za Mwingereza wanaikumbuka ramani yenye Jimbo la Kaskazini na Jimbo la Ziwa, kila moja likiwa chini ya mtawala aliyetumwa na gavana wa koloni. Kenya neno hili lina historia ya ugomvi: majimbo ndiyo iliyokuwa hoja ya chama cha KADU, yakaingia katika katiba ya uhuru ya 1963, na mwaka uliofuata nchi ikawa jamhuri na mamlaka yakarudi Nairobi. Congo kuna majimbo 26. Matumizi haya yanatofautiana sana, ila yana jambo moja yanayofanana: jimbo ni kipande. Kwanza kuna kitu kizima, kisha mwenye mamlaka anakikata na kila kipande anakipa msimamizi.

Marekani mambo yalikwenda kinyume. Vipande vilikuwapo kabla ya kizima.

Makoloni 13 yalipotangaza uhuru mwaka 1776 yalijiita “states”, na katika tamko hilo hilo, ndani ya sentensi hiyo hiyo, Uingereza nayo inaitwa “State of Great Britain”. Neno moja kwa pande zote mbili. Hawakuwa wanasema “sisi ni mikoa iliyojitenga”. Walisema “sisi ni dola, kama ninyi mlivyo dola”. Kwa hiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na maana ya wakati ule ni “dola”, na jina la nchi lingekuwa Madola Yaliyoungana ya Amerika. Katiba ya shirikisho iliandikwa 1787, na kila dola ikaamua kwa wakati wake kama itaingia. Delaware iliridhia ya kwanza, Desemba 7, 1787. Rhode Island ilikaa nje hadi Mei 1790, zaidi ya mwaka mzima baada ya George Washington kuapishwa kuwa rais. Mwaka 1791 likaongezwa rekebisho la kumi la katiba: mamlaka ambayo katiba haikuyakabidhi kwa shirikisho, wala kuyakataza kwa majimbo, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Sasa uliweke hilo kando ya mkoa. Tanzania iliunda mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016, kwa uamuzi wa serikali kuu. Rais wa Marekani hawezi kuikata California vipande viwili. Katiba inakataza jimbo jipya kuzaliwa ndani ya jimbo jingine bila ridhaa ya bunge la jimbo hilo pamoja na ya Kongresi, bunge la shirikisho. Mkuu wa mkoa huteuliwa na rais na huondolewa na rais. Gavana wa jimbo hakuteuliwa na rais, wala rais hawezi kumfukuza, hata wakichukiana hadharani.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni Zanzibar, na inashangaza kwamba hautumiki mara nyingi. Zanzibar ina katiba yake ya 1984, rais wake, Baraza la Wawakilishi na Mahakama Kuu yake. Mambo ya Muungano yameorodheshwa, na yasiyo katika orodha hubaki kwake. Mantiki ni ile ile ya 1791. Tofauti ni kwamba Marekani kila upande una serikali ya namna hiyo, wakati kwetu Tanganyika haina.

Ukilielewa hilo, habari nyingi zinazoonekana kugongana zinakaa sawa. Chukua mauaji. Kwa kawaida kuua mtu ni kosa chini ya sheria ya jimbo, linachunguzwa na polisi wa mji au wa kaunti na kusikilizwa katika mahakama ya jimbo. Rais anaweza kusamehe makosa ya shirikisho tu, si ya jimbo. Derek Chauvin, polisi aliyemuua George Floyd mwaka 2020, alihukumiwa na jimbo la Minnesota miaka 22 na nusu, kisha mahakama ya shirikisho ikampa miaka 21 kwa kosa la kuvunja haki za kiraia. Ni tendo moja, ila kuna watunga sheria wawili, kwa hiyo kesi ni mbili. Rais akisamehe ile ya pili, ya Minnesota inabaki pale pale. Anayesema “rais atamtoa gerezani” hajauliza gereza hilo ni la nani.

Katika maisha ya kila siku, mpaka wa majimbo unaonekana zaidi kwenye makaratasi. Visa, kadi ya kijani (kibali cha ukazi wa kudumu), uraia na pasipoti ni mambo ya shirikisho, kwa hiyo kadi ya kijani ni ile ile Texas na Maine. Leseni ya udereva, cheti cha kuzaliwa, ndoa, talaka na leseni ya kazi ya uuguzi au ualimu ni vya jimbo. Anayehamia Texas ana siku 30 za kusajili gari na siku 90 za kubadili leseni. Akihamia California, leseni anatakiwa kuiomba ndani ya siku 10. Texas haikati kodi ya mapato ya jimbo, lakini kodi yake ya nyumba na ardhi ni nzito. Oregon hukata kodi ya mapato na haina kodi ya mauzo. Anayelinganisha mishahara ya miji miwili bila kuangalia hayo anajidanganya. Chuo kikuu cha umma nacho hutoza ada ndogo kwa mkazi wa jimbo, na kwa kawaida ukazi huo huhesabiwa baada ya miezi 12. Kijana anayefika Julai na kuanza masomo Agosti mara nyingi hutozwa ada ya mgeni, hata kama kadi ya kijani anayo mfukoni.

Cheti cha ndoa kinachotakiwa kutumika nje ya nchi nacho huwakwamisha wengi. Hukipeleki Washington moja kwa moja kuthibitishwa. Kinaanza kwa Katibu wa Jimbo lililokitoa. Hapo pana mtego wa lugha: ofisa huyo na waziri wa mambo ya nje wa Marekani wana cheo chenye maneno yale yale kwa Kiingereza, “Secretary of State”. Wa jimbo, katika majimbo mengi, husimamia uchaguzi na kusajili kampuni. Kwa yule wa Washington, “State” imebaki na maana yake ya kale, dola. Ukitafsiri bila kuangalia unapata “waziri wa mambo ya nje wa Georgia”, mtu ambaye hayupo.

Wasomaji wa Kenya wana mtego wao, kaunti. Kaunti 47 za katiba ya 2010 zina magavana, kwa hiyo ni rahisi kudhani gavana wa Marekani ni wa kaunti. Kaunti ya Marekani iko chini ya jimbo na imeundwa na jimbo. Haina gavana, ina sherifu, ambaye karibu kote huchaguliwa kwa kura. Texas ina kaunti 254, Delaware tatu, na Connecticut ilifuta serikali za kaunti mwaka 1960. Hapa ndipo ulipo mkoa wa Marekani, kama lazima tuutafute.

Wapo pia wanaopitiliza upande wa pili na kusema kila jimbo ni nchi huru. Hapana. Jimbo haliwezi kuchapisha sarafu wala kutia saini mkataba na nchi ya kigeni, na sheria halali ya shirikisho ikigongana na ya jimbo, ya shirikisho hushinda. Je, jimbo linaweza kujitoa? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilijibu hapana kwa silaha, na Mahakama Kuu ya Marekani ikajibu hivyo hivyo kwa maandishi mwaka 1869 katika shauri la Texas.

Neno “jimbo” limeshakomaa na halihitaji kung’olewa. Linahitaji tu kuandamana na jina. Haikuwa Marekani iliyofuta adhabu ya kifo mwaka 2021, ilikuwa Virginia.